Sproketi ya Mwenye Kengele na Mwenye Keria

Ninyi mnaoanza kazi ya baiskeli sasa, wacha niwaambie kwanza kwamba mimi nimestaafu. Najua mtacheka. Hata mama yangu alicheka. Mtu aliyestaafu huwa ana mvi, ana kiti chake barazani, ana dawa za presha juu ya meza. Mimi nilimaliza darasa la nane nikaingia kibandani, na nilipotoka kibandani ndevu zangu zilikuwa bado hazijakubaliana ziote upande gani. Lakini kustaafu ni kustaafu. Spana zangu ziko kwa mtu mwingine na siruhusiwi kuzishika tena. Nilikatazwa na kikao cha wazee, mbele ya mashahidi, na nikakubali. Nitafika huko.

Mimi si mtu wa maneno. Miaka yote nimeongea na baiskeli zaidi kuliko na wenye baiskeli, kwa sababu baiskeli haikuangalii usoni ikingoja jibu. Ndiyo maana ninaandika, ingawa polepole. Nataka niwaachie jambo la sproketi ya mbele, kile kisahani chenye meno kilichoshikana na pedali. Naona video mnazotazama kwenye simu zinaongea juu ya rangi, uzito, na nchi ilikotoka. Sijaona hata moja ikiuliza kama mteja anaishi mlimani au bondeni.

Aliyenifundisha ni Fundi Mutua. Alikuja Voi kutoka Ukambani kutafuta kazi, akaikosa, akakaa chini karibu na soko kungojea gari la kurudi. Mtu akamwomba amshikie baiskeli kidogo. Hakuondoka tena. Kibanda, kwa maelezo yake, kilijengwa kumzunguka akiwa amekaa. Sikumwamini mpaka nilipopima mlango na kumpima yeye.

Fundi Mutua hakuwa anauliza mteja anataka sproketi gani. Alikuwa anasema, "Kunja suruali." Mteja akikunja, anamfinya shavu la mguu kama mtu anayechagua parachichi. Halafu anauliza maswali matatu. Unaishi wapi? Unabeba nini? Una haraka ya nini? Hilo la tatu liliwaudhi watu. Mtu anakuja kutafuta sproketi, anajikuta anaeleza mambo ya nyumbani kwake mbele ya foleni.

Lakini maswali yalikuwa na maana, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme friwili, kile kisahani kidogo cha tairi la nyuma, ina meno kumi na sita. Ukiweka mbele sproketi ya meno arobaini na nane, ukizungusha pedali mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara tatu. Unakwenda mbali, lakini mguu unalipia. Ukiweka ya meno thelathini na mbili, pedali ikizunguka mara moja tairi linazunguka mara mbili tu. Mlimani unapanda umekaa, huku unaimba. Ukifika tambarare miguu inazunguka kama feni na watoto wa shule wanakupita wakikuaga. Hakuna sproketi nzuri. Kuna nzuri kwa mguu fulani, kwa njia fulani, kwa mzigo fulani. Mtu akija akasema "niwekee iliyo nzuri," mwambieni akunje suruali.

Mchungaji mmoja alikataa kukunja.

"Fundi, mimi ni mtumishi wa Mungu."

"Na hiyo mguu ni ya nani?" Fundi Mutua akamuuliza.

"Wacha mambo ya mguu. Niwekee ile kubwa kabisa. Kazi ya Bwana haitaki kuchelewa."

Ile kubwa kabisa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya meno hamsini na mbili, imetoka kwenye baiskeli ya mashindano iliyokuja na mitumba. Fundi Mutua akanitazama, akainua mabega, nikaweka. Kanisa la mchungaji lilikuwa juu ya kilima. Jumapili alifika chini ya kile kilima akasimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, na Biblia juu, na pedali ikakaa pale pale kama imepigwa picha. Watu waliokuwa wanapita njia wakamhurumia, wakamsukuma mpaka mlangoni. Sasa, ukishamsukuma mchungaji mpaka mlango wa kanisa, huwezi kugeuka ukaondoka. Wakaingia. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo na watu wengine. Kanisa likajaa mpaka wakatoa viti nje.

Fundi Mutua akaona aibu, akamwita ambadilishie. Mchungaji akaikumbatia baiskeli.

"Usiguse," alisema. "Hii sproketi imeleta watu wengi kunishinda mimi."

Kwa hiyo sproketi mbaya inaweza kumfaa mtu. Lakini msiitegemee hiyo.

Kwetu mimi ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, na huko haraka ina sababu moja, nayo ni ndovu. Mzee mmoja wa kijijini kwetu, mwenye mbuzi wengi, alikuja Voi kwa ajili hiyo tu. Alikunja suruali kabla hajaambiwa.

"Nataka baiskeli inayomshinda ndovu mbio," alisema.

Mimi nilikuwa bado mgeni kazini, nikakimbilia ile kubwa. Fundi Mutua akanipiga kidole kwa kitambaa cha grisi.

"Wewe! Ndovu atamngoja mpaka apate spidi? Njia ya kwenu ni mchanga. Kwenye mchanga, sproketi kubwa inakaa imesimama na ndovu anakuja. Huyu anataka ya kuondoka. Weka ndogo."

Tukaweka ndogo. Mzee akarudi baada ya siku kadhaa amekasirika. Tulidhani amekanyagwa, lakini alikuwa mzima.

"Tangu mniwekee hii kitu," alisema, "sijaona ndovu hata mmoja. Nimezunguka nikiwatafuta mpaka jioni. Nitajuaje kama inafanya kazi?"

Fundi Mutua alimwambia arudi nyumbani angoje. Nasikia bado anangoja, na hasira zake haziishi.

Haya, sasa nije kwa ile baiskeli iliyonistaafisha.

Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, ya zamani, iliyoachwa na baba mmoja wa Ronge alipofariki. Aliacha watoto watatu. Mkubwa ni Mwakio, anaishi Voi mjini na anasambaza mikate madukani asubuhi. Wa pili ni Mghendi, alibaki Ronge mlimani, anateremsha ndizi na kupandisha pumba za ng'ombe. Wa mwisho ni Saru, fundi wa cherehani pale Mwatate. Mama yao alikuwa ameshatangulia. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa. Shamba waligawa, ng'ombe waligawa, mabati ya zizi waligawa. Ikabaki baiskeli, na baiskeli ilikuwa moja.

Kikao kilikuwa chini ya Baba Mkubwa, kaka ya marehemu, mtu mwenye sauti ya kutangaza hata akiomba chumvi. Na ninyi mnajua nyumba zetu. Mbuzi akichinjwa hagawanywi ovyo. Kuna nyama ya mkubwa, kuna ya mdogo, kuna ya akina mama, na ukikosea unakumbushwa miaka mingi. Baba Mkubwa akaitazama baiskeli, akaona ina mbele na nyuma, ina miguu, ina pembe.

"Itagawanywa kama mbuzi," akasema. "Mbele ni ya mkubwa. Nyuma ni ya mdogo."

Wazee wakapiga makofi. Waliona wamewalazimisha ndugu wawili kuishi pamoja, kwa sababu nani ataendesha nusu? Hawakuwajua wale ndugu. Mwakio akawa mwenye hendeli, tairi la mbele, taa na kengele. Mghendi akawa mwenye tairi la nyuma, friwili, keria ya kubebea mizigo na stendi. Wakakubaliana kupokezana, wiki hii Voi, wiki ile Ronge, kila Jumamosi. Walichokosa kukubaliana ni sproketi. Mwakio alisema iko mbele ya kiti, kwa hiyo ni ya mbele. Mghendi alisema inavuta tairi la nyuma, kwa hiyo ni ya nyuma. Na kila mmoja alitaka yake. Mwakio alitaka ya meno arobaini na nane, kwa sababu Voi ni tambarare na watu wanataka mkate kabla ya chai. Mghendi alitaka ya thelathini na mbili, kwa sababu njia ya Ronge, yeyote aliyeipanda na gunia la pumba anaijua.

Basi kila Jumamosi baiskeli ililetwa kwangu, naondoa sproketi ya ndugu mmoja naweka ya mwingine. Kufikia wakati huo Fundi Mutua alikuwa akikaa tu na kutoa hukumu, mimi ndiye nikifanya kazi. Kwenye zile baiskeli za zamani sproketi imeshikana na mkono wa pedali wa kulia, na mkono umefungwa kwa kotapini, kijiti cha chuma kinachopigiliwa kwa nyundo. Kotapini hapendi kutolewa kila wiki. Unampiga nyundo, anapinda, unaweka mpya, naye anapinda. Kisha cheni. Ukitoka sproketi kubwa kwenda ndogo cheni inabaki ndefu, inabidi utoe kipande cha urefu wa kidole, ukihifadhi kwa ajili ya Jumamosi ijayo. Nilikuwa nakiweka ndani ya kiberiti.

Hapa niseme jambo la meno, kabla sijasahau. Meno ya sproketi yakichakaa hayapungui tu, yanalala upande mmoja kama makucha ya paka. Mkiyaona hivyo msimwekee mteja cheni mpya peke yake, itakula siku chache nayo ichakae. Na msiweke cheni kuukuu kwenye sproketi mpya, itaruka kila akikanyaga kwa nguvu, na mteja atarudi kwako bila jino, lake mwenyewe. Halafu vuteni uzi kutoka sproketi mpaka friwili muone kama zimenyooka. Uzi tu, hata wa kushonea.

Wa kushonea nilikuwa napewa na Saru. Akija Voi kununua vitambaa, alianza kupitia kibandani kuomba mafuta ya cherehani. Yeye ndiye mteja wa pekee ambaye sikuhitaji kumweleza hesabu ya meno. Cherehani yake ina gurudumu kubwa chini na dogo juu, mguu ukienda mara moja sindano inakwenda mara nyingi. Alielewa kabla sijamaliza, na mimi huwa nachukua muda mrefu kumaliza. Nikawa natamani cherehani yake ikauke kila siku.

Siku moja aliweka kopo la mafuta chini.

"Wewe, cherehani yangu umeipa mafuta mpaka nguo za watu zinatoka na madoa. Kuna kitu unataka kusema?"

Nikasema, "Friwili."

Sijui kwa nini. Ndilo neno lililotoka.

"Friwili imefanya nini?"

"Iko sawa."

Fundi Mutua alikohoa huko ndani. Saru akacheka, lakini si vibaya.

"Basi nitasema mimi. Ukitaka kunioa, uje nyumbani Ronge na watu wako. Lakini Baba Mkubwa hapokei posa kama kaka zangu hawajakaa wote wawili kwenye benchi moja. Na hawajakaa pamoja tangu tumzike Baba. Sababu unaijua."

Niliijua. Ilikuwa imepinduliwa nyuma yangu, magurudumu juu.

Tangu siku hiyo sproketi ile ikawa si kazi tena. Mwingine anapima mapenzi kwa barua, mimi nilipima kwa meno. Nikafikiri: kati ya arobaini na nane na thelathini na mbili, katikati ni arobaini. Nikaitafuta ya meno arobaini, nikaipata, nikaiweka, nikawaambia ndugu wote wawili kwamba sasa hakuna kubadilisha tena. Nililala vizuri sana.

Walikuja pamoja. Kwa muda mfupi moyo wangu ulipaa, nikifikiri wamepatana. Kumbe walikutana mlangoni kwa bahati mbaya, kila mmoja amekuja kunigombeza. Walisimama wamepeana migongo. Walikuwa hawaitani tena kwa majina.

"Fundi," akasema Mwakio, "mwambie Mwenye Keria kwamba mikate yangu imefika dukani watu wameshakunywa chai kavu."

"Fundi," akasema Mghendi, "mwambie Mwenye Kengele kwamba pale kwenye kona ya juu nimeshuka nikasukuma, na kuku wakanipita."

"Kuku wa nani?" Mwakio akauliza, amejisahau.

"Fundi, mwambie kuku hawamhusu."

Sproketi ya katikati, vijana, ni ile inayowaudhi watu wawili kwa pamoja. Ukimwekea mteja mmoja anayeishi njia ya milima na mabonde, sawa. Usimwekee mteja ambaye ni watu wawili.

Fundi Mutua aliyatazama yote hayo kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe unapunguza meno," aliniambia walipoondoka. "Hawa hawataki kupunguziwa. Kila mtu anataka yake yote. Si uwawekee zote mbili?"

Kwenye baiskeli za mtumba za siku hizi zipo pedali zenye sproketi mbili au tatu pamoja, mnaziona kila siku. Nilichukua mkono wa namna hiyo, nikabadilisha na ekseli ya katikati, nikafunga kubwa ya arobaini na nane nje na ndogo ya thelathini na mbili ndani. Sikuweka waya wala kigeuzi, baiskeli ile ingekataa. Mtu anashuka, anahamisha cheni kwa kijiti, anaongeza au kutoa kile kipande cha urefu wa kidole, anavuta tairi la nyuma, anakaza nati. Hakuna nyundo, hakuna kotapini. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliisugua mpaka ikang'aa.

Mwakio akaitazama. Mghendi akaitazama. Kila mmoja akaona sproketi yake, na hakukuwa na kitu cha kugombania. Nikaona nyuso zao zinahangaika, kama watu waliopoteza kitu mfukoni. Kisha Mwakio akapata.

"Fundi, na cheni ni ya nani?"

Mwenzake akageuka kwa furaha. "Ya nyuma! Inaishia kwangu."

"Inaanzia kwangu!"

Niliketi juu ya ndoo. Cheni haina mwanzo wala mwisho, ni duara, lakini ningeanzia wapi kuwaeleza?

Ikabidi Baba Mkubwa aitwe. Alisema hawezi kugawa mnyama asiyemwona, kwa hiyo akateremka kutoka Ronge mpaka Voi na wazee wenzake wawili na fimbo. Saru alikuja naye. Tuliilaza baiskeli juu ya gunia mbele ya kibanda, watu wa soko wakajaa. Baba Mkubwa akaanza kugusa kwa fimbo.

"Hii?"

"Hendeli," nikasema kwa sauti ndogo.

"Pembe. Za mkubwa. Hii nyuma?"

"Keria."

"Kiuno. Cha mdogo. Na hizi mbili zinazofanana, zimekaa pamoja ndani?"

"Sproketi, Mzee."

Akafikiri. Wazee wenzake wakafikiri. "Figo," akasema. "Kila mmoja moja."

Watu wakapiga makofi. Fundi Mutua, ambaye hakuweza kunyamaza, akauliza, "Na kiti, Mzee? Kiti kiko katikati kabisa."

"Kiti si nyama. Ni ngozi. Ngozi ni ya aliyechinja." Akageuka. "Nani aliyemfungua huyu mnyama?"

Soko zima likanitazama. Hivyo ndivyo nilivyopata kiti cha baiskeli. Walikifungua pale pale wakanipa, nikakishika kama mtoto wa watu, sijui nikiweke wapi.

Kisha fimbo ikafika kwenye cheni. Baba Mkubwa aliiinua, ikaning'inia, nyeusi, ndefu, imejaa uchafu wa njia mbili.

"Inapita katikati, inazunguka, inatoka huku inaingia huku," alisema. "Hii hata mtoto anaijua. Ni utumbo. Na utumbo katika nyumba yetu ni wa akina mama. Mwanamke wa nyumba hii ni nani?"

Saru alisogea mbele. Hakungoja apewe. Alipiga magoti, akaifungua cheni kwa koleo langu, akaikunja pamoja na kile kipande cha kiberiti, akaizungushia gazeti, akaiweka ndani ya mkoba wake wa vitambaa.

"Saru," Mwakio akasema, "tutaendeshaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia akisema "tuta".

"Njooni muichukue Ronge Jumamosi," alijibu. "Wote wawili. Akija mmoja, simpi. Na siku hiyo kuna wageni wanakuja, kwa hiyo vaeni mashati." Akanitazama. "Na wewe, leta watu wako."

Wiki ile sikula vizuri. Mwakio alisambaza mikate kwa miguu. Mghendi alituma ujumbe kwamba ng'ombe wamekosa pumba na wanamwangalia vibaya. Kila mmoja alikuja kivyake kuniuliza kama mwenzake atakwenda, na mimi nikamjibu kila mmoja kwamba sijui, ambayo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonichoma.

Jumamosi tulifika Ronge mapema. Mama yangu, mjomba wangu, na Fundi Mutua wa kunisemea, kwa maana wote tulikumbuka ile habari ya friwili. Tulibeba sukari, majani ya chai, leso mbili, na kile kiti cha baiskeli, kwa sababu mjomba alisema mtu haendi ukweni akificha mali yake. Ndani kulikuwa na kimanga cha moto, chakula chetu cha kupondwa, na chai. Benchi la ndugu lilikuwa limewekwa karibu na mlango, tupu. Baba Mkubwa alikaa akilitazama. Hakusema karibuni. Mama akanifinya mkono. Chai ikapoa, ikapashwa tena, ikapoa.

Ndipo mtu mmoja nje akaanza kucheka, na mwingine, na wote tukatoka.

Walikuwa wanakuja. Mghendi alikuwa ameteremka Voi kuchukua upande wake, gari likawashusha wote wawili chini kabisa ya mlima, na walikuwa wanaipandisha ile baiskeli kwa mikono, haina cheni, haina kiti. Mwakio ameshika hendeli tu. Mghendi ameshika keria tu. Hakuna aliyegusa upande wa mwenzake. Mwakio akikata kushoto bila kusema, nyuma inakwenda kulia, wanaingia kwenye migomba ya watu.

"Sema unakata!" Mghendi alikuwa anapiga kelele. "Sema kabla hujakata!"

"Nakata!"

"Upande gani?"

"Huu!"

"Huu ni upi? Mimi naona mgongo wako tu!"

"Kulia, Mghendi! Kulia!"

Saru alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisikia jina la kaka yake likitajwa, akaweka mwiko mdomoni ili asilie ama asicheke, sikujua.

Waliingia wamelowa jasho. Mashati walikuwa wamevaa. Benchi lilikuwa moja, miguu haikuwa na nguvu ya kwenda mbali, wakakaa. Mwakio akapewa maji, akanywa nusu, akampitishia mwenzake bila kumtazama. Hapo ndipo Baba Mkubwa akasema karibuni.

Fundi Mutua alinisemea vizuri. Alisema mimi ni mtu wa maneno machache na nati zilizokazwa. Alisema nimeona katika nyumba hii kitu ambacho hakiwezi kugawanywa na nimekuja kukiomba kizima. Baba Mkubwa akawageukia wale wa benchi.

"Ninyi ndio kaka. Mnasemaje?"

Wakanong'onezana. Walinong'onezana kwa muda mrefu mpaka Mama akaacha kunifinya, akasahau. Kisha Mwakio akasimama.

"Tumekubaliana," alisema, na neno lenyewe lilimshangaza. "Kijana hatumkatai. Lakini tuna sharti. Akishaoa hapa atakuwa shemeji yangu na shemeji ya huyu. Siku akiishika hii baiskeli, akikaza upande wangu, huyu atasema amenipendelea."

"Na akikaza wangu," akasema Mghendi, "huyu atasema vile vile."

"Kwa hiyo aache fundi. Si hii tu. Baiskeli zote. Maana ukoo wetu umeenea Voi, umeenea Mwatate, hatutajua ya nani ni ya nani."

"Na kile kiti akirudishe," Mghendi akaongeza.

Baba Mkubwa aliniuliza mimi mwenyewe, si Fundi Mutua. Nilisimama. Nilikuwa na maneno mengi juu ya miaka yangu kibandani, jinsi nilivyoijua kazi ile, jinsi nisivyojua nyingine yoyote. Nilimwona Saru kwenye mlango wa jikoni. Nikanyoosha mkono nikatoa kiti.

"Chukueni," nikasema.

Ndivyo nilivyostaafu. Fundi Mutua akasema siku hiyo hiyo kwamba spana atampa yeyote atakayekunja suruali bila kubishana, na sasa mnazo ninyi. Mimi nafuga kuku hapa Ronge, wale wale waliompita Mghendi kwenye kona.

Lakini siku ile ilikuwa haijaisha. Saru alitoka na mkoba wake, akafungua gazeti. Cheni alikuwa ameiosha kwa mafuta ya taa, inang'aa. Aliipindua baiskeli pale uani, kaka zake wakishika kila mmoja upande wake, akaipitisha kwenye sproketi ndogo kwa sababu tuko mlimani, akaunga, akavuta tairi, akakaza nati. Wazee wakatazama. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alizungusha pedali na tairi likaenda vizuri, na mimi, nikiwa nimekaa na watu wangu, niliona cheni imelegea kidogo, upana wa kidole tu, si zaidi. Mghendi akiteremka nayo kwenye mawe ingeruka.

Saru aliinua macho akanitazama, akingoja. Nikamtazama mpaka neno likatoka, lile lile la siku ya friwili: "Iko sawa." Alinitazama zaidi, akainama, akafungua nati na kuvuta tena.